Nimehakiki na Sijaridhika

Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha sentensi ipite mbele yake kabla hajaiona imekaa kitako. Jina hilo alipachikwa na wenzake wa meza ya jirani kwa kumtania, na miaka sita baadaye hata Meneja alilitumia kwenye barua. Hakulichukia. Alisema afadhali Nukta kuliko Mkato, maana mkato humwacha mtu anahema na hajui anangoja nini.

Kampuni yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na ilitafsiri chochote kilichopandishwa ngazi zile: maelekezo ya mashine za kufulia, mikataba ya bima, matangazo ya sabuni. Yote yalitoka lugha kubwa kwenda lugha kubwa nyingine. Lugha ya Nukta mwenyewe, ile aliyoinyonya pamoja na maziwa, ofisini iliitwa Kikwao tu, na ilikuwa haijawahi kuvuka mlango ule ila mdomoni mwake, akiwa kwenye simu na shangazi yake. Wasemaji wake ni watu elfu sitini hivi wa bondeni, wasio na gazeti wala redio, na ambao watoto wao husomeshwa kwa lugha za watu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo siku Meneja alipotangaza kwamba wamepata kazi ya kutafsiri ujumbe wa afya kwa lugha saba ndogo, na Kikwao ikiwemo, Nukta aliomba ruhusa, akaenda chooni, akajifungia, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, hakuna wa kubisha. Mwanamke mwenye mimba anaandikisha namba yake ya simu kliniki. Kila wiki simu inaita, akipokea anasikia sauti ikimweleza kwa lugha yake mambo ya kuangalia katika mwezi ule. Ujumbe ulikuwa mia mbili na kumi na mbili, mfupi mfupi, usiozidi nusu dakika.

"Kutafsiri itatafsiri mashine," Meneja alisema. "Na sauti itatengenezwa na mashine. Wewe ni kuhakiki tu, halafu unaweka saini hapa." Akamwonyesha fomu. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: *Mimi, mzungumzaji wa lugha hii, nimehakiki na nimeridhika.* "Siku nne zinakutosha?"

Nukta akavaa visikizi, akaanza.

Mwanzoni alicheka. Mwisho wa kila ujumbe palikuwa na maelekezo ya kusikiliza tena: bonyeza moja. Mashine ilikuwa imechukua neno la Kikwao la kukamua maziwa, kwa hiyo sauti ile, kavu kama ya karani aliyenyimwa likizo, ilimwambia mjamzito: "Kusikia tena, kamua mmoja." Nukta akajiuliza akamuliwe nani. Akaandika pembeni, akaendelea.

Siku ya tatu asubuhi akafika ujumbe wa arobaini na nane. Hapo kicheko kikakauka.

Asili yake ilisema: *Ukiona damu wakati wowote wa ujauzito, hata kidogo, nenda hospitali mara moja.* Kwa Kikwao damu zina majina mawili. Iko damu ya jeraha, ya pua, ya kuchinja, ya uzazi uliokwenda vibaya. Na iko damu ya mwezini, ambayo ina jina lake peke yake, na wanaume hujifanya hawalijui. Mashine ilikuwa imechagua hilo la pili. Sauti ikasema kwa utulivu wote: "Ukiingia mwezini ukiwa na mimba, nenda hospitali."

Nukta akavivua visikizi masikioni, akaviweka mezani polepole. Alimwona mwanamke wa kwao akisikiliza maneno yale huku anachambua maharage. Atacheka. Atasema hawa watu wa mjini hata hawajui kwamba mjamzito haendi mwezini. Halafu ataikata simu, na damu ikija, hatakumbuka kuwa aliwahi kuonywa, kwa sababu kweli hakuonywa.

Akaibeba karatasi yake mpaka kwa Meneja.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwungwana, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka ungeweza kukata mkate kwa mkunjo wa mkono wake, na alikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi. Alimsikiliza Nukta mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dada yangu, hebu nikuulize. Watu wa Kikwao ni wangapi?"

"Elfu sitini."

"Na wanaoshika mimba kwa mwaka?"

"Elfu mbili na ushei."

"Haya. Na katika hao, watakaotoka damu?"

"Sijui," Nukta akasema. "Wewe unataka wafike wangapi?"

Meneja akaivaa tena miwani. Alipofungua kinywa tena sauti ilikuwa imeshuka, ile sauti ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaeleza kwamba sauti zote zimeshatengenezwa na kufungwa. Kwamba uzinduzi ni Jumatano, wageni wameshakata tiketi za ndege. Kwamba kuna toleo la pili mwezi wa sita, na humo wataingiza masahihisho yake yote, neno kwa neno, anaahidi. "Weka saini tu. Nani atagundua?"

"Nimeshagundua mimi."

"Nukta."

"Bosi, umeniajiri nigundue."

Akachukua kalamu mezani kwa Meneja. Akaisogeza ile fomu. Akakata neno *nimeridhika* kwa mstari mmoja, juu yake akaandika *sijaridhika*, kwa herufi kubwa zisizohitaji miwani, kisha akaweka saini na tarehe kama alivyoagizwa. Akamrudishia fomu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akarudi kwenye meza yake.

*

Jumamosi mchana alikwenda kwa shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kutengana, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na hata sasa walizungumza kwa kupaza sauti, kwa mazoea ya kushindana na nyundo. Shangazi alikuwa amestaafu hospitali ya mkoa. Hakuwa muuguzi. Alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na mmoja. Lakini kwa kuwa ndiye pekee pale aliyejua Kikwao, kila alipoletwa mgonjwa wa bondeni sauti ilipigwa kutoka kitandani: "Wewe wa ufagio! Njoo utuambie anasema nini." Anaweka ufagio, anatafsiri, anachukua ufagio. Katika barua yake ya kustaafu waliandika kwamba alidumisha usafi.

Nukta alimkuta ameketi kwenye kigoda anaparua samaki. Akamwekea ujumbe ule kwenye simu.

Shangazi akausikiliza mara moja. Kisu kikasimama.

"Rudia."

Nukta akarudia. Mama wa watu akaweka kisu chini, akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kidole kimoja kimoja kama anayejitayarisha kula, halafu hakula chochote.

"Hili kosa ni langu," akasema.

"Shangazi, kosa ni la mashine."

"Nakwambia ni langu, mwanangu. Nililifanya kabla mashine haijazaliwa." Akatazama mlango, si mpwa wake. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wangu wa kwanza pale. Wakanipigia ukelele, nikaenda na ndoo yangu. Mwanamke wa kwetu, mimba ya miezi saba, na mumewe kasimama pembeni. Daktari akaniambia, muulize kama ametoka damu. Sasa lile neno zito, la damu ya balaa, kulitamka mbele ya mjamzito nikaona kama ninamtakia mabaya. Nikaona haya. Nikatumia lile jepesi, la mwezini."

"Akajibuje?"

"Akacheka. Akasema, wewe nawe, nitawezaje na tumbo hili? Nikamwambia daktari, anasema hapana. Daktari akaandika hapana. Wakamrudisha nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu nilimaliza kudeki." Nyundo zikagonga karakana, zikanyamaza. "Siku ya tatu wakamleta kwenye machela. Wote wawili, yeye na mtoto, hawakuondoka na uhai. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana nani humwuliza mfagiaji? Lakini tangu siku ile sikuwahi kuona haya kwa neno lolote. Nimeyatamka yote, mbele ya waume, mbele ya wakwe, mbele ya viongozi wa dini. Wakaniita mdomo mchafu. Nikasema sawa, mdomo mchafu, wodi safi."

Nukta alitaka kumshika mkono, akajua angeusukuma. Badala yake akasema, "Wanataka niseme nimeridhika."

"Na wewe umeridhika?"

"Hapana."

"Basi maneno yameisha. Nipe kisu changu."

*

Lakini Nukta alijua kwamba hasira si ushahidi. Jumatatu hakwenda kazini. Alikwenda kliniki ya wajawazito iliyoko upande wa soko, ambako wanawake wengi wa bondeni waliohamia mjini hupimwa, akamweleza Sista wa zamu shida yake bila kuficha. Sista alikuwa mnene, mwenye kalamu nne mfukoni, na hakupenda maelezo marefu.

"Waulize wenyewe kama wanataka," akasema. "Ila foleni yangu usiivuruge."

Walikubali kumi na mmoja. Aliketi nao mmoja mmoja mwisho wa benchi, akawawekea ujumbe bila kuwaambia kitu, kisha akawauliza swali moja tu: umesikia nini? Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule, kama yalivyotamkwa, na chini ya kila moja tafsiri yake ya Kiswahili.

Wanane walisema ujumbe hauwahusu. Mmoja alisema unawahusu wasichana ambao bado hawajaolewa. Mwingine alifikiri ni mzaha wa redio. Wa kumi na moja, binti mwembamba mwenye mimba yake ya kwanza, alisikiliza huku amekunja uso, akauliza, "Kwani dada, mimi kuingia mwezini sasa hivi inawezekana? Mbona mama mkwe hakuniambia?" Nukta akamweleza kwa neno zito, lile lenyewe. Binti akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Ah. *Hiyo.* Hiyo nimeielewa. Hiyo nikiiona nitatoka hata bila viatu."

Na waliposikia "kamua mmoja", benchi zima lilicheka mpaka Sista akatoka nje kuangalia foleni yake imepatwa na nini.

Jumanne asubuhi Nukta alipofika ofisini, Fundi alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Fundi ndiye aliyeifundisha mashine, mtu wa makamo mwenye macho ya mtu aliyekaa zaidi na kompyuta kuliko na watu. Katika miaka sita walikuwa wamesalimiana tu.

"Dada, mimi nilipewa kitabu kimoja," akaanza, bila salamu. "Cha dini. Ndicho pekee kilichochapishwa kwa lugha yenu. Kila penye mwanamke na damu, ni neno lile lile. Mashine itajuaje lingine? Sikujua kuna damu mbili. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," Fundi akakubali. Akageuza simu yake. "Na hii sijakuonyesha."

Ilikuwa fomu ya Nukta. Si ile aliyoandika. Hii ilikuwa mpya, safi, *nimehakiki na nimeridhika*, na chini yake saini ya Nukta, iliyonakiliwa kutoka kwenye mkataba wake wa kazi na kubandikwa kama stempu.

Damu ilimpanda kichwani, nayo haikuhitaji tafsiri. Lakini kabla hajafika mlangoni kwa Meneja, Meneja alikuwa ameshatoka kumlaki, mikono wazi, kama mwenye harusi.

"Nukta! Kesho nataka useme salamu kwa Kikwao, dakika moja tu, wageni wasikie utamu wake. Na ulete bibi mmoja wa kwenu, mtu mzima, wa kupiga naye picha. Unaye?"

Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, tayari yamepanga foleni kooni. Akayarudisha yote.

"Ninaye," akasema.

*

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa umevishwa vitambaa vyeupe, hata viti. Mbele palikaa wafadhili watatu, wakuu wa idara, na Daktari wa Wilaya, mwanamke mwenye nywele fupi zenye mvi ambaye alikuwa akiandika tangu alipoketi. Nyuma walikaa wahakiki wa lugha nyingine sita, watu ambao Nukta hakuwahi kukutana nao, kila mmoja amelazimishwa avae kitu chenye rangi. Fundi alikuwa pembeni, kwenye meza ya mitambo ya sauti.

Shangazi alikuja na gauni lake la kazi. La kijivu, lenye kifungo kimoja tofauti. Meneja alipoliona akameza mate, lakini muda wa kumbadilisha haukuwepo.

Jina la Nukta lilipoitwa, alipanda jukwaani. Akawasalimu kwa Kikwao, sentensi mbili, na kweli ulikuwa utamu, watu wakapiga makofi. Halafu hakushuka.

"Hiyo ndiyo salamu niliyoagizwa," akasema. "Sasa naomba Fundi atuwekee ujumbe wa arobaini na nane."

Fundi akamtazama Meneja. Meneja akatikisa kichwa kidogo sana, hapana. Fundi akatazama vidole vyake mwenyewe, kana kwamba ni vya mtu mwingine, na kimoja kikabonyeza. Sauti ile kavu ikajaa ukumbini, ikasema maneno yake, ikamaliza kwa kuomba mmoja akamuliwe.

"Nimekuja na shangazi yangu," Nukta akaendelea. "Mtu mzima, kama nilivyoombwa. Naomba awaambie kwa Kiswahili alichokisikia."

Shangazi alikuwa ameshafika ngazi ya pili ya jukwaa. Meneja akasimama huku anatabasamu, mkono mmoja ukakata hewa kuelekea meza ya mitambo, na safari hii Fundi alitii, maana naye ana watoto. Kipaza sauti kikafa.

Lakini Shangazi alikuwa amepaza sauti miaka thelathini na mmoja katika wodi yenye vitanda arobaini. Hakukitazama hata hicho kipaza sauti.

"Nimesikia," akasema, na waliokaa nyuma kabisa wakainua vichwa, "kwamba mwenye mimba akiingia mwezini aende hospitali. Mwenye mimba haingii mwezini. Hata mwanamume aliye hapa anajua, asijifanye. Kwa hiyo nimesikia kwamba hamna neno la kuniambia. Akitoka damu mwanangu, nitakaa naye ndani nimpikie uji. Nimemaliza."

Akageuka ashuke, kisha akakumbuka. "Na kitu cha kukamua sina."

Kulikuwa na kicheko kimoja, kikajifia chenyewe. Meneja alikuwa ameshafika jukwaani, anaanza habari za toleo la pili. Daktari wa Wilaya akainua kalamu yake, si mkono, kalamu tu, na Meneja akakatisha sentensi yake.

"Fomu niliyoletewa ina saini ya mhakiki wa Kikwao," Daktari akasema. "Inasema ameridhika."

"Saini ni yangu," Nukta akajibu. Bila kipaza sauti ilibidi apige kelele, na akagundua kwamba haimchoshi. "Maneno si yangu. Mimi niliandika sijaridhika, nikasaini. Mtu akahamisha saini. Na si mimi peke yangu." Akatoa lile daftari la shule. "Hawa ni wanawake kumi na mmoja wa kliniki ya sokoni, juzi asubuhi. Aliyeelewa hayupo hata mmoja."

Daftari likapita mikono mitatu mpaka mbele. Daktari alilisoma amesimama, kurasa zote, huku ukumbi ukisikiliza feni. Alipomaliza akalifunga, na hakulirudisha.

"Kikwao haiwashwi leo," akasema. Kisha akawageukia wale wa nyuma. "Na nyinyi sita? Hizo saini nyingine ni za nani?"

Wakatazama viatu vyao. Mtu ana kodi, mtu ana wategemezi, na Meneja alikuwa anawatazama mmoja mmoja kwa majina. Nukta hakuwalaumu. Ndipo akasimama mzee mmoja mwenye koti lililompwaya, mwalimu kwa sura yake, akakohoa.

"Yangu mimi niliweka mwenyewe," akasema. "Nilikuwa na makosa thelathini na mawili, nikaambiwa mwezi wa sita. Nikaweka. Sasa naiondoa. Mimi pia sijaridhika."

Akaketi. Mwanamke wa kiti cha jirani yake akasimama kabla kiti hakijaacha kulia.

*

Watu hupenda kusikia kwamba Meneja alifukuzwa. Hakufukuzwa. Lugha nne zilizinduliwa siku ile ile mchana, tatu zikazuiwa, na kampuni ikatoa taarifa iliyosema *changamoto ndogo za kiufundi*. Aliyefukuzwa ni Nukta. Barua ilimfikia Alhamisi, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, kwamba amevujisha siri ya mteja. Alisahihisha sehemu mbili kwa kalamu nyekundu, akaiacha mezani, akachukua kamusi zake, akashuka ngazi.

Kujitia ushujaa ni rahisi siku ya kwanza. Wiki ya pili alianza kuamka na jiwe kifuani. Alipiga simu ofisi tatu za tafsiri, na zote zilikuwa zimeshapata habari zake. Mmoja alimpongeza sana, akasema nafasi hakuna. Shangazi hakumwonea huruma. "Mimi walinikosea jina miaka thelathini na mmoja na nikawahi kazini kila siku," akasema. "Wewe umekosa kazi wiki mbili unatembea kama kuku aliyenyeshewa. Oga."

Wiki ya nne simu ikaita. Alikuwa Daktari wa Wilaya mwenyewe. Alitaka ujumbe wa Kikwao uandikwe upya, wote, na usomwe na mtu, si mashine. Ungechukua muda gani?

"Nina masharti," Nukta akasema, na akajishangaa, maana alikuwa na shilingi za wiki moja tu mfukoni.

"Yaseme."

"Kila ujumbe usikilizwe na wanawake kwanza, kwenye benchi, kabla haujapita. Wasipoelewa, tunarudia, hata kama ni mara kumi. La pili, sauti ni ya shangazi yangu, na kwenye karatasi aandikwe mtafsiri. Asiandikwe msaidizi, wala mfagiaji mstaafu. Mtafsiri."

Upande wa pili palisikika kalamu ikiandika.

"Hilo la mwisho," Daktari akasema, "tahajia yake ni ile ya kawaida?"

*

Walipewa stoo ya kliniki ya sokoni. Sista wa zamu aliwaazima magodoro ya ziada, wakayasimamisha ukutani kuzuia kelele za nje, na Fundi akawa anakuja na vyombo vyake siku zake za mapumziko. Hakueleza kwa nini, nao hawakumuuliza. Shangazi alisoma ameketi wima, miwani kwenye ncha ya pua, na ujumbe wa arobaini na nane aliusoma mara moja tu, na lile neno zito likatoka mdomoni mwake wazi, bila kupapasa. Fundi aliposema warudie kwa usalama, alikataa. "Limetoka. Liache."

Kazi ilikwenda mbio mpaka siku ya tano, walipofika ujumbe wa mtoto kupungua kucheza tumboni. Huu Nukta alikuwa ameupenda. Aliuandika kwa uangalifu, kwa Kikwao laini, akatumia neno la kutulia: mtoto akitulia siku nzima, nenda kliniki.

Shangazi akausoma kimoyomoyo. Akaweka karatasi chini.

"Huu sisomi."

"Una nini?"

"Mtoto aliyetulia ni mtoto mzuri. Nani atakimbilia kliniki kwa sababu mtoto wake ana adabu?"

"Shangazi, muktadha unaonyesha wazi kwamba..."

"Huyo muktadha anaishi wapi? Ana simu?"

Fundi akainamia vyombo vyake kuficha meno. Nukta alihisi masikio yakimchemka. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa ajili ya lugha hii, ameisomea, usiku na mchana ameiota, na sasa anasahihishwa mbele ya watu. Akafungua kinywa ajitetee, na kabla hajasema, akaijua ile ladha iliyokuwa mdomoni mwake. Meneja naye lazima aliionja.

Akaichukua karatasi, akatoka nje kwenye benchi. Walikuwepo wanawake sita. Akawasomea.

"Hongera zake," akasema wa kwanza. "Wangu hatulii hata kidogo."

Wakacheka. Nukta akauliza, basi siku mtoto asipocheza kabisa, nyinyi mnasemaje? Wakatazamana. Mmoja akasema jambo, mwenziwe akalikataa, wa tatu akasema hilo ni la watu wa mtoni. Yule binti mwembamba wa mimba ya kwanza, tumbo sasa limemtangulia, akasema taratibu, "Mimi siku moja wangu alininunia. Nikampigapiga, nikamwimbia, kimya. Amenisusa. Nikaogopa kweli kweli."

"Amekususa?"

"Ee. Mtoto akikususa, lazima uende ukamwulizie."

Wengine wote wakaitikia kwa kichwa. Hata yule wa watu wa mtoni akakubali.

Nukta akakata mstari wake alioupenda, akaandika la binti chini yake, akarudi ndani na kumkabidhi Shangazi karatasi bila kusema neno. Shangazi akasoma, midomo ikitembea. Akasahihisha herufi moja kwa kalamu ya Sista.

"Sasa huu," akasema, "ni ujumbe." Akaweka miwani sawa. Fundi akainua kidole, magodoro yakameza kelele za soko, na Shangazi akaanza kusoma.